Barua Mbili za Fundi wa Mizani

2 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, hakikisha baba hayupo hapo dukani kwako, kwenye lile benchi la wateja wa fotokopi. Nimefanya jambo, na nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Nimemtafutia baba kazi. Tena si hivyo tu. Nimejifanya baba.

Nilipokuja likizo mwezi wa kumi na mbili nilikaa pale nyumbani siku tisa. Siku zote tisa baba aliamka saa kumi na mbili, akapiga pasi shati, akachomeka kalamu mfukoni, akabeba ule mkoba wake wa mawe ya mizani, akatoka. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Kunyoosha miguu." Mkoba wa kilo kumi na nne, shangazi, mtu ananyoosha nao miguu! Ni miaka mitatu sasa tangu kiwanda cha unga kimpunguze kazini, na mwaka mmoja tangu mama atutoke, na yeye bado anavaa kama mtu anayesubiriwa mahali. Nilipomgusia habari ya kumtafutia kazi, alinijibu kwamba hajafika mahali pa kutafutiwa kazi na mtoto aliyempima kwa mikono yake siku aliyozaliwa, na kumpa jina la Gramu kwa sababu hakufika hata kilo mbili na nusu. Mazungumzo yakaishia hapo.

Basi nimempata wakala wa ajira, mama mmoja anayeshughulika na mafundi wa viwandani. Nimemwandikia wasifu wa baba, nimefungua anwani ya barua pepe kwa jina la baba, na namba ya simu niliyoweka ni yangu. Mambo yakiiva nitamwambia. Yasipoiva hatajua, wala hatakuwa na la kumuuma. Naomba mawili tu: nipigie picha vyeti vyake vilivyomo kwenye lile kopo la biskuti, na funga mdomo.

Ni mimi,
Gramu


5 Februari

Gramu,

Marahaba. Picha za vyeti hizo hapo. Kimoja kimeliwa na mende pembeni, lakini muhuri umepona.

Sasa nisikilize. Watu huniletea karatasi zao nizitolee nakala, nami hutazama pembeni mashine inapomulika. Ndiyo adabu ya duka langu. Lakini nyinyi mmezidi. Nyumba yenu ina watu wawili na siri tatu, na zote mmekuja kuzitupa kwangu. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Hapo alipo kaka yangu naye ana lake, na mimi nimeapishwa huku na kule mpaka ulimi umekuwa mzito.

Sitasema. Ila ukifika kwenye habari za hii miaka mitatu, usiandike kwa kubahatisha. Muulize mwenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata si wewe.

Halafu kula. Ile picha uliyotuma, umebaki macho tu.

Shangazi yako


9 Februari

Mzee wangu Fundi,

Shikamoo. Nimepokea wasifu wako pamoja na vyeti. Nianze kwa kukueleza ninavyofanya kazi, maana wengi huja kwangu wakidhani wakala ni mganga. Mimi sina kazi mfukoni. Kiwanda huniambia kinataka mtu wa namna gani, nami nikimpata nasimama mbele yao na kusema, huyu namjua. Neno langu ndilo duka langu. Kwa hiyo lazima nikujue kweli.

Umeandika hivi: "Mtaalamu mahiri mwenye ari ya hali ya juu." Mzee wangu, wiki hii peke yake nimepokea watu kumi na mmoja wenye ari ya hali ya juu. Mmoja wao alikuwa anaomba kazi ya ulinzi na alisinzia palepale kwenye kiti changu. Futa hayo. Niambie ulikuwa unafanya nini na mizani, kwa mikono yako, kuanzia asubuhi. Niambie siku moja uliyokataa kufanya jambo ulilotakiwa ufanye.

Halafu niambie habari za miaka hii mitatu. Pengo si dhambi. Mtu huugua, huuguza, hufukuzwa, huchoka. Ila mwajiri atauliza, na sitaki jibu alipate yeye kabla yangu mimi. Mficha uchi hazai.

Na simu yako nimeipiga mara mbili. Inaita tu.

Wakala, dawati la viwanda


11 Februari

Kwa Wakala,

Marahaba. Simu yangu ni mbovu, inaita lakini haisikiki, kwa hiyo naomba tuandikiane.

Kazi yangu ilianza kabla ya mashine kuwashwa. Nilikuwa nafagia sahani ya mizani kwa brashi laini, kwa sababu vumbi la unga la wiki moja linatosha kumdanganya mtu. Natazama pimamaji, kile kikombe kidogo chenye povu la hewa, kama povu limekaa katikati. Kisha natoa mawe ya shaba kwenye mkoba, moja moja, kwa kitambaa, kwa sababu jasho la kidole nalo lina uzito. Mizani kubwa za sakafuni zilikuwa sita, ndogo za mezani kumi na tisa. Ile ya tatu karibu na dirisha ilikuwa na kiburi, hasa siku za mvua.

Siku niliyokataa: mizani ya magunia ilikuwa inapunja mnunuzi kiasi cha viganja viwili. Msimamizi akasema tumalize mzigo kwanza, tutairekebisha kesho. Nikapanda juu ya sahani, nikakaa, nikakunja mikono. Nikamwambia, "Haya, nipime mimi." Walibembeleza, wakafoka, malori yakapiga honi nje. Nilikaa mpaka walipozima mkanda wa kupandishia magunia. Nilikuwa nimevaa soksi zisizofanana, na kila mtu aliziona.

Kuhusu miaka mitatu: kiwanda kilipunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Tangu hapo natengeneza mizani za majirani. Hakuna zaidi.

Fundi wa mizani


17 Februari

Mwanangu Gramu,

Nimepata barua yako na zile soksi. Zinafanana, kwa hiyo najua ni kejeli.

Mimi sijambo. Yule jirani muuza samaki ameniletea mizani yake ya kuning'iniza nimtazamie. Ilikuwa inampunja yeye mwenyewe, maskini, mwaka mzima anawapa watu zaidi. Nilipomwambia akasema bora Mungu alivyopanga iwe hivyo kuliko kinyume chake. Nikampenda tangu siku hiyo.

Usihangaike juu yangu. Najua unahangaika kwa sababu barua yako ina maswali mengi na habari zako mwenyewe chache. Unapima ardhi ya nani sasa? Bado wanakutuma kwenye vile vilima vyenye upupu? Mimi kazi sina haraka nayo. Wiki ijayo nina karatasi ya kupeleka mahali, si kitu kikubwa. Nyumba ni safi. Kiti cha mama yako nimekihamishia dirishani, jua la asubuhi lilikuwa linapotea bure.

Shangazi yako siku hizi akiniona anacheka peke yake. Nadhani ni uzee.

Baba


20 Februari

Mzee wangu Fundi,

Ile barua yako ya kukaa juu ya mizani nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mume wangu. Sasa nina kitu cha kusema juu yako.

Kuna kiwanda kipya cha kufungasha nafaka, wanatafuta mkaguzi wa mizani. Hawajatangaza gazetini, wamebandika tangazo dogo getini kwao na wameniambia mimi. Kazi ni ya mchana tu, mizani thelathini na mbili, vijana wawili wa kufundisha. Meneja wao ni mtu mkavu, hacheki, lakini ni mkweli. Nadhani mtaelewana.

Kabla sijakupeleka nahitaji ruhusa yako kwa maandishi, na kanuni moja uishike kama yai. Nikishapeleka jina lako, wewe usipeleke tena pale kwa njia nyingine. Si kupitia wakala mwingine, si kwa shemeji anayefanya kazi stoo, si kwa mkono wako getini. Faili mbili za mtu mmoja zikikutana kwenye meza moja, mwajiri hajiulizi ipi ni nzuri. Anajiuliza huyu mtu anaficha nini, na mara nyingi huzitupa zote. Mshika mawili moja humponyoka. Hapa humponyoka yote mawili.

Lingine ni dogo, unisamehe. Unaandika juu ya mizani vizuri sana, ila unaziandika kama mtu aliyekuwa anazitazama kutoka chini. Povu la pimamaji, soksi. Mafundi wangu wengine wananiandikia namba. Huenda wewe ni mshairi tu.

Na hiyo simu, mzee wangu, itapona lini?

Wakala


21 Februari

Kwa Wakala,

Ruhusa unayo. Nakupa neno langu kwamba jina langu halijafika kiwanda hicho kwa njia yoyote, wala halitafika. Peleka.

Simu iko kwa fundi.

Fundi wa mizani


2 Machi

Mzee wangu,

Leo asubuhi meneja wa kiwanda cha nafaka amenipigia. Alisema hivi, nakunukulia neno kwa neno: "Umeniletea mtu. Mtu huyohuyo amekuja getini kwa miguu na kumwachia mlinzi bahasha. Na hao watu wawili hawakubaliani."

Nilikwenda kuisoma hiyo barua. Imeandikwa kwa mkono, mwandiko ulionyooka kama umepigiwa rula. Imewekwa getini tarehe ishirini na tano, siku mbili baada ya mimi kupeleka faili yako. Faili yangu inasema ulipunguzwa kazini. Barua ya mkono inasema:

"Sikupunguzwa kiwanda cha unga. Niliacha mwenyewe ili nimuuguze mke wangu, ambaye aliugua miaka miwili. Alifariki mwaka jana. Tangu hapo natafuta kazi. Naomba miaka ile msinihesabie kuwa ya uvivu, maana katika maisha yangu sijafanya kazi nzito kama ile."

Nimesimama mbele ya yule meneja nimeshika faili mbili za mtu mmoja, na miaka kumi na minne nafanya kazi hii. Nilikuomba ukweli uje kwangu kwanza. Ulinipa neno lako.

Kwa hiyo nauliza mara moja tu. Lipi ni kweli? Na wewe unayeniandikia ni nani?

Wakala


2 Machi, jioni

Mama Wakala,

Mimi si fundi. Mimi ni binti yake. Anwani ni yangu, simu ni yangu na haijawahi kuharibika. Yeye hajui kama wewe upo, kwa hiyo hakuvunja kanuni yoyote. Aliona tangazo getini akapeleka barua kama mtu mwingine yeyote. Aliyetoa neno ni mimi, na sikuwa na haki ya kulitoa. Naomba faili ya kutupwa iwe ile niliyoiandika mimi. Yake iache mezani, nakusihi.

Hadithi ya kukaa juu ya mizani ni ya kweli. Nilikuwa na miaka saba, shule zimefungwa, nimekaa chini ya meza nikichezea vifuniko vya chupa. Ndiyo maana nakumbuka soksi.

Kuhusu lipi ni kweli, sikukudanganya kwa makusudi. Niliandika nilichoambiwa. Niliambiwa kiwanda kimempunguza. Niliambiwa mama aliugua miezi miwili. Nilikuwa mbali, nasoma, nilirudi mara moja kwa mwaka na mama akanicheka kwamba mimi ndiye niliyekonda. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi, na bado niko hapahapa kwenye ngazi.

Miaka miwili?

Binti yake fundi


3 Machi

Binti yangu,

Shuka kwenye hizo ngazi, ukae mahali.

Nisamehe. Nilidhani namwandikia yeye, kumbe nimekufungulia barua ambayo haikuwa yangu kuifungua. Laiti ningejua, ningekuita kwenye simu na kutafuta maneno mengine.

Mimi nina kosa langu na nitalisema. Kanuni yangu ya kwanza, ambayo nawafundisha wanaoanza kazi hii, ni kutompeleka mtu popote kabla sijasikia sauti yake. Nilishuku tangu ulipoandika habari ya povu. Lakini nilipenda barua zako, nikataka ziwe kweli. Kwa hiyo faili ile tumeiandika wawili.

Sasa tufanye kazi. Jana usiku sikulala, asubuhi nimekwenda kwa meneja nikamweleza kila kitu: kwamba faili niliyoleta mimi iliandikwa na binti anayempenda baba yake kupita kiasi, na kwamba mimi sikuuliza vya kutosha. Nimeiondoa. Barua ya mkono imebaki peke yake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Amesema atasubiri mpaka Ijumaa, na anataka baba yako mwenyewe amweleze kwa nini kulikuwa na watu wawili. Kama baba hajui lolote, hatakuwa na la kueleza.

Kwa hiyo mwandikie leo. Mwambie anipigie, kwa mdomo wake. Nitaendelea kumsaidia kama atakubali, na kama hatakubali nitaelewa.

Hayo mengine, ya mama yako, mimi siwezi kukushauri. Mama yangu nami alinificha lake. Nilikasirika mwaka mzima, kisha hasira ikachoka kabla yangu.

Wakala


4 Machi

Baba,

Nimemtumia shangazi barua hii aichape na kukuletea mkononi, maana posta itachelewa na kwenye simu wewe husema "sijambo" kisha unakata.

Mimi ndiye mtu wa pili. Utaelewa ukisoma karatasi ya chini, nimeweka yote niliyomwandikia wakala na yote aliyonijibu. Nilijifanya wewe. Nilimwambia ulipunguzwa kazini. Wewe ukapeleka ukweli kwa miguu, nao ukakutana na uongo wangu mezani. Kazi ile huenda nimekukosesha, na ndiyo kazi ambayo ungeipata bila mimi. Baba, nisamehe.

Mpigie wakala kabla ya Ijumaa. Namba yake iko hapo chini. Usimpigie kwa hasira, yeye ni mtu mzuri.

Kuna lingine. Ulimwambia meneja usiyemjua, kupitia mlinzi, jambo ambalo hukuniambia mimi. Miaka miwili, baba. Ningeacha masomo. Ninajua ndiyo sababu. Lakini nilikuwa na haki ya kumlisha uji mama yangu hata mara moja. Nimeandika sentensi hii na kuifuta mara nne, sasa naiacha.

Gramu


5 Machi

Mwanangu Gramu,

Shangazi yako ameleta barua huku anatazama nyuma kama yeye ndiye mwizi. Kumbe mimi nilitolea nakala barua yangu kwake, na wewe ukapokea vyeti kutoka kwake, na yeye katikati ameshikilia ulimi. Nimemwambia angeweza hata kukohoa. Amesema alikohoa mwezi mzima na mimi nikamshauri anywe tangawizi.

Nimempigia huyo mama. Tumeongea muda mrefu kuliko niliowahi kuongea kwenye simu. Kesho nakwenda kwa meneja.

Umekosea. Mtu haandikiwi maisha yake na mwingine, hata kwa mapenzi. Ulinifanya niseme uongo na mimi sipo. Nilikasirika, nikatoka, nikazunguka mtaa mara mbili na mkoba wangu. Njiani nikakumbuka ni nani aliyekufundisha kuficha jambo kwa mapenzi. Nikarudi.

Ilikuwa hivi. Mama yako alianza kuanguka wakati wewe unaingia mwaka wa tatu. Daktari alisema anahitaji mtu mchana kutwa. Nikaandika barua ya kuacha kazi na kuipeleka mwenyewe. Mama yako akasema mtoto asijue mpaka amalize mitihani, na tulipata uongo ulio karibu: kiwanda kinapunguza watu. Ulipokuja likizo alivaa sweta mbili chini ya gauni. Alikuwa anafanya mazoezi ya kucheka kabla hujafika, naapa, mbele ya kioo, na tulicheka kweli kwa sababu ya mazoezi yale.

Uji alikuwa hapendi. Ungemlisha angekutemea. Lakini ulikuwa na haki, na nimekunyima. Nisamehe na wewe.

Baba


6 Machi

Kwa Wakala,

Asante kwa jana. Nimetoka kwa meneja sasa hivi, naandika nikiwa kwenye kaunta ya dada yangu, naye ndiye anayebonyeza hizo herufi kwa sababu mimi nachelewa. (Anachelewa kweli. Dada.)

Ulisema nikitoka kwenye usaili nikueleze yote, hata yasiyopendeza, ili usikie kwangu kabla ya kusikia kwao. Basi. Aliniuliza kwa nini walikuwa watu wawili. Nikamwambia mmoja ni mimi na mwingine ni mimi kama mwanangu anavyoniona, na kwamba yule wa pili ana ari ya hali ya juu kuliko yangu. Hakucheka.

Akanipeleka kwenye mizani yao ya mezani, mpya kabisa, akasema nimwambie kama iko sawa. Nikaomba wazime feni. Upepo ulikuwa unaibonyeza sahani. Walipozima nikaweka mawe yangu, nikamwambia iko sawa ikiwa feni imezimwa, na ikiwa feni inazunguka, kila mfuko uliotoka hapa tangu mfungue umempunja mnunuzi. Mifuko ilikuwa imepangwa ukutani mpaka dari. Akaitazama. Mimi nikanyamaza kama ulivyonishauri, nikishajibu ninyamaze. Lakini ulimi ukanishinda, nikaongeza: "Na yote itabidi ipimwe upya."

Nadhani hapo nimejikosesha. Ila usaili ulikuwa mzuri, nilishika mizani.

Fundi wa mizani mwenyewe


16 Machi

Mzee wangu Fundi, nakala kwa binti yako kwa ruhusa yako,

Siku kumi sijakuandikia neno, na najua ulikuwa unatembea na mkoba. Sikuwa na jibu, ningekuandikia nini? Lakini hata "bado" ni habari, nilipaswa kukupa. Niwie radhi.

Meneja amenipigia mchana huu. Kumbe siku zote hizo walikuwa wanapima mifuko upya, mmoja mmoja. Mia sita na arobaini. Amesema maneno matatu, na kwake hiyo ni hotuba: "Mwenye mwandiko. Jumatatu."

Nilimuuliza, kama ilivyo desturi yangu, ni nini kilichomfanya aamue, ili niweze kukuambia. Akasema kwamba katika barua zote alizopokea, ni moja tu iliyosema mtu aliacha kazi yake nzuri kwa ajili ya kazi nzito zaidi. Kisha akakata simu.

Binti yangu, ile faili yako ninayo bado kwenye droo. Sitaitupa. Siku nikipata kijana anayeniuliza wasifu mzuri unaandikwaje, nitamwonyesha ukurasa wa soksi.

Wakala


22 Machi, Jumapili

Mwanangu Gramu,

Kesho naanza. Shati nimelipiga pasi tangu jana. Shangazi yako ameninunulia kalamu na kuniambia nisimwambie siri yoyote tena mpaka mwakani.

Pamoja na barua hii kuna daftari la kijani. Uliliona mezani ulipokuja likizo, ukaniuliza ni namba za mizani ya nani, nikasema ya mteja. Lilikuwa la mama yako. Kila Jumamosi kwa miaka miwili nilimbeba mpaka kwenye mizani ya sakafuni niliyoitengeneza kule nyuma, nampima, naandika. Daktari alitaka. Mama yako alikuwa anasema mimi ndiye mwanamume pekee anayemchunguza mkewe uzito na hapigwi. Utaona namba zinavyoshuka. Pembeni mwa kila namba aliniambia niandike jambo moja la wiki hiyo, ili lisiwe daftari la kushuka tu. Mengi ni yako: "Gramu amefaulu." "Gramu amepiga simu, ana mafua." "Gramu amesema kuna kijana, hakusema zaidi."

Ukurasa wa mwisho ni mwandiko wake mwenyewe, umepinda, lakini unasomeka. Ameandika: "Mtoto asiambiwe mpaka amalize mitihani. Akishamaliza, mpe daftari hili, umwambie yote."

Ulimaliza mitihani mwezi wa sita mwaka jana. Nilitii nusu ya kwanza. Ya pili nilishindwa, nikawa kila asubuhi natoka na mkoba ili nisikae nalo nyumba moja. Ndiko nilikokuwa nanyoosha miguu.

Ukilipata, usilisome kwenye ngazi. Na Jumamosi uje. Mizani ya kule nyuma bado ipo, nataka nikupime. Shangazi yako anasema umekonda, na mimi siamini jicho la mtu.

Baba